Sanduku lisilofunguka mpaka mfike

Likizo inapokaribia, wazazi wengi wa Mtwara hujiuliza swali lile lile: watoto watafanya nini mwezi mzima? Televisheni ipo, simu ipo, na kiwanja cha mpira hakikosekani. Hata hivyo, mtoto wa darasa la sita anayeishi Chikongola anaweza kumaliza likizo tatu bila kufika Mikindani. Anaweza pia kukua bila kujua kwa nini kata moja ya mji wake inaitwa Reli, wakati hajawahi kuona garimoshi likipita Mtwara.

Wiki hii ukurasa wa familia unaleta mchezo unaoweza kumtoa mtoto huyo nyumbani, tena akiwa na baba, mama au bibi yake. Ni sanduku dogo la mbao lenye kitufe kimoja na skrini ndogo juu ya mfuniko. Ndani kimefungiwa kitu ambacho mtoto hakijui. Akibonyeza kitufe, skrini inamwonyesha namba moja tu: umbali uliobaki hadi mahali ambapo sanduku litakubali kufunguka. Halimwambii ni upande gani, wala mahali penyewe panaitwaje. Kazi ya kupatafuta ni ya mtoto na watu wa nyumbani kwake.

Sanduku hili halihitaji kiwanda. Fundi seremala wa mtaani, fundi simu mwenye mkono mtulivu na kijana mmoja anayejua kompyuta wanaweza kulimaliza katika siku chache.

Lilikotoka wazo

Hadi mwaka 2000, raia wa kawaida aliyetumia GPS alipewa jibu lililopunguzwa usahihi kwa makusudi. Mfumo ule ni mali ya serikali ya Marekani, na jeshi lake lilibaki na jibu sahihi zaidi. Raia aliweza kukosea kwa kiasi cha mita 100, umbali wa uwanja mzima wa mpira. Mwanzoni mwa Mei 2000, Rais Bill Clinton aliamuru upunguzaji huo usitishwe. Siku chache tu baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer wa jimbo la Oregon alificha ndoo yenye vitu vidogo porini, akawatangazia watu latitudo na longitudo yake waende kuitafuta. Hapo ndipo ulipoanzia mchezo wa kutafuta hazina kwa GPS, ambao leo unachezwa duniani kote.

Katika mchezo ule, watu wanajua mahali na wanatafuta sanduku. Mwaka 2009 mtaalamu wa programu za kompyuta aitwaye Mikal Hart, wa Austin, Texas, aliugeuza. Alikuwa anamwandalia zawadi ya harusi rafiki yake aliyekuwa Ufaransa, akatengeneza sanduku ambalo watu wanalo mkononi lakini hawajui mahali. Maharusi walipewa nafasi 50 za kubonyeza kitufe. Kila wakibonyeza, walionyeshwa umbali uliobaki. Walilazimika kusafiri, kupiga hesabu na kujadiliana mpaka wafike mahali alipopachagua yeye. Hart ndiye pia aliyeandika TinyGPS, programu ndogo ya bure ambayo mafundi wengi wa nyumbani huitumia hadi leo kusoma maneno ya kipokezi cha GPS.

Sanduku linajuaje lilipo

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza muda wote ni saa ngapi na yenyewe iko wapi. Kipokezi kilichomo sandukuni husikiliza. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo unaojulikana, kuchelewa kwa tangazo kunakiambia kipokezi setilaiti hiyo iko mbali kiasi gani. Kikishasikia setilaiti nne au zaidi, kinapata latitudo, longitudo na saa. Mahali pa wazi, kosa huwa la mita chache tu.

Hapa kuna jambo ambalo mzazi anapaswa kulielewa vizuri kabla ya kuendelea. Kipokezi hiki kinasikiliza tu, hakitangazi chochote. Sanduku halina laini ya simu na halihitaji bando. Hakuna mtu yeyote, hata aliyelitengeneza, anayeweza kukaa Dar es Salaam akaona mtoto yuko wapi. Ni kifaa tofauti kabisa na vile vinavyofungwa kwenye pikipiki na magari, ambavyo vina laini ndani na hutuma taarifa kwa mwenye chombo.

Tofauti hiyo ina maana kubwa nyumbani. Siku hizi mzazi anaweza kuweka programu kwenye simu ya mtoto na kuona kila anapokwenda. Wapo wenye sababu nzuri za kufanya hivyo. Lakini nukta inayotembea kwenye ramani inamweleza mzazi mtoto yuko wapi, na haimfundishi mtoto kujua alipo. Mtoto aliyefuatiliwa miaka mitano kwa simu anaweza bado kupotea akishushwa kwenye kivuko bila chaji. Sanduku linafanya kazi ile nyingine iliyosahauliwa: mtoto ndiye anayesoma umbali, ndiye anayeamua njia, na mkubwa anatembea pembeni yake.

Vitu vinavyohitajika

Orodha ni fupi. Inatakiwa bodi ya Arduino, ambayo ni kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, kipokezi cha GPS, na kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni aina ya NEO-6M, skrini ya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja, mota ndogo aina ya servo, ile inayogeuka nusu duara na kusimama inapoambiwa, kitufe kimoja, swichi ya kuzima na kuwasha, na waya. Asiyevipata Mtwara anaweza kumtuma ndugu madukani Kariakoo, mzigo ukaja kwa basi. Ni busara kuulizia bei za vitu vyote kwanza kabla ya kununua kimoja, maana bodi bila kipokezi haina kazi.

Betri ya mraba ya volti 9 isitumike. Mota ikianza kuvuta, betri ile hulegea, bodi inazimika na kuwaka upya, na mlango unabaki umekwama katikati. Betri sita ndogo za AA zikipangwa mfululizo hutoa volti 9 zenye nguvu ya kutosha. Benki ya umeme ya simu nayo ina kasoro yake: nyingi hujizima zenyewe zikiona kifaa kinakula umeme kidogo.

Sanduku lenyewe liwe la mbao au plastiki. Debe la biskuti ni imara na linapendeza, ila bati huzuia mawimbi ya setilaiti, na kipokezi kilichofungiwa ndani yake hakitasikia kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, sanduku halitafanya kazi vizuri ndani ya nyumba iliyoezekwa bati. Inabidi mtoto atoke nje uwanjani, mbali kidogo na ukuta na mwembe mnene, alishike huku uso wa kipokezi ukitazama juu, na asubiri. Mara ya kwanza baada ya kuwashwa, kipokezi kinaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kupata jibu.

Mbao ya unene wa sentimita moja inatosha. Mkoa huu una mafundi wa Kimakonde ambao mikono yao haina haja ya kusifiwa, na mchongo mdogo kwenye mfuniko utafanya sanduku litunzwe nyumbani hata mchezo ukiisha. Mpingo wenyewe uachiwe vinyago: ni mgumu kutoboa, ni mzito kwa mtoto kubeba, na sanduku halihitaji.

Komeo ni kipande cha chuma kilichounganishwa na mkono wa mota. Mota ikigeuka upande mmoja, chuma kinaingia kwenye tundu la mfuniko. Ikigeuka upande wa pili, kinatoka. Fundi aweke njia ya siri ya kufungua, kwa mfano bawaba zilizokazwa kwa skrubu ndogo zilizofichwa chini ya kitambaa. Betri zikiisha au waya ukichomoka safarini, mzazi awe na namna ya kuokoa kilichomo bila shoka.

Programu na makosa mawili ya kuepuka

Kijana anayeandika programu hana kazi ngumu. TinyGPSPlus, toleo jipya la programu ya Hart, husoma maneno ya kipokezi na ina hesabu ya umbali kati ya nukta mbili tayari. Mfuatano wa kazi ni huu: kitufe kikibonyezwa, bodi inasubiri kipokezi kipate mahali, ikipata, inapunguza nafasi moja, inaonyesha umbali, kisha inalinganisha. Umbali ukiwa chini ya mita 30, mota inafungua. Ukizidi, komeo linabaki palepale.

Mita 30 zisipunguzwe hadi tano. Kipokezi cha bei nafuu kinaweza kuyumba chini ya miti au kando ya ukuta mrefu, na hakuna kinachovunja moyo wa mtoto kama kusimama mahali sahihi na kukataliwa. Idadi ya nafasi zilizobaki ihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya bodi isiyofutika umeme ukikatika, la sivyo mtoto mjanja atagundua kwamba kuzima na kuwasha kunarudisha nafasi zote. Na nafasi ihesabiwe baada tu ya kipokezi kupata jibu. Kumnyang'anya mtoto nafasi kwa sababu ya wingu la majani ni dhuluma.

Makosa mawili huharibu mchezo kabla haujaanza. La kwanza ni kusahau alama ya kutoa. Mtwara iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake huandikwa na alama hiyo: mji uko karibu na -10.27 na longitudo 40.18. Alama ikisahaulika, sanduku litasubiri kufunguliwa nchini Ethiopia. La pili ni kubadilisha nafasi za namba mbili. Longitudo ikiwekwa mahali pa latitudo, sanduku litafunguka katikati ya maji ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Kila namba iandikwe na tarakimu tano baada ya nukta. Huku kwetu tarakimu ya tano ni kama mita moja, ya nne ni mita 11. Mzazi mwenye simu anaweza kwenda mwenyewe mahali alipopachagua, akafungua ramani, akanakili namba pale pale.

Hesabu inayotembea kwa miguu

Walimu wa hisabati wataupenda mchezo huu. Tuseme familia ya Chikongola imeamua kwamba sanduku lifungukie Mikindani, karibu na Boma la zamani. Watoto wakibonyeza uani kwao, skrini itaonyesha kilomita 7 hivi. Huo ni umbali wa mstari ulionyooka. Barabara ni ndefu zaidi, maana ghuba haivukwi kwa matairi.

Hapo watoto wachukue ramani, bikari au uzi na penseli, wachore duara la kilomita 7 lenye kitovu nyumbani. Jibu liko mahali fulani juu ya mstari wa duara. Mtoto wa Mtwara ana bahati ambayo mtoto wa Dodoma hana: sehemu kubwa ya duara lake inaangukia baharini, na anaweza kuifuta mara moja. Zinabaki sehemu za nchi kavu, na ubishi unaanza. Wa kwanza atasema ni njia ya Naliendele. Wa pili atasema ni ng'ambo, Msangamkuu. Bibi aliyekaa kwenye mkeka atasema wasimuulize yeye, huku anacheka.

Wakipanda daladala wakashuka Naliendele na kubonyeza tena, namba itapanda kupita 10. Wengine watahesabu safari hiyo kuwa hasara, lakini imewapa duara la pili. Maduara mawili hukatana mahali pawili tu. Bonyezo la tatu, pengine pasipo kwenye mstari mmoja na sehemu mbili za kwanza, litaamua mahali pamoja kati ya hapo pawili. Bila kuambiwa, watoto wamefanya kwa miguu hesabu ileile inayofanywa na kipokezi kwa kutumia setilaiti.

Nafasi 50 za Hart zilifaa watu wenye gari na nchi nzima ya kuzunguka. Kwa mji kama Mtwara, nafasi 12 zinatosha. Zikiwa nyingi mno, mtoto hubonyeza kila baada ya hatua ishirini na hafikiri. Zikiwa chache, anakaa chini kwanza, anachora, anauliza wakubwa. Nauli nayo ina mafunzo yake. Familia ipange mapema safari ngapi za bajaji au daladala zinaruhusiwa, na fedha hiyo akabidhiwe mtoto mkubwa aitunze.

Mahali pa kuchagua

Hapa ndipo mchezo unapopata uzito, na hapa ndipo mzazi anatakiwa kufikiri zaidi kuliko fundi. Mahali panapochaguliwa kwa uzuri tu patasahaulika baada ya wiki. Pachaguliwe mahali ambapo kuna mtu wa kueleza kitu.

Mji wenyewe unatoa mengi. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895. Mikindani ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ni bandari iliyoshuhudia biashara ya watumwa kabla na baada ya hapo. Kata ya Reli inabeba jina la njia ya treni iliyojengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Bandari ya maji marefu ya Mtwara ilijengwa kwa sababu ya karanga hizo hizo. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa miaka ya 1960, bandari ikabaki, na leo inasafirisha korosho. Mtoto akisimama Reli huku sanduku limefunguka mkononi, atauliza reli ilikwenda wapi. Swali hilo ndilo hazina.

Zaidi ya historia ya vitabuni, kila ukoo una ramani yake. Ipo nyumba ambayo babu alipanga chumba alipokuja mjini mara ya kwanza kutafuta kazi bandarini. Ipo shule aliyosoma mama, darasa la tatu kutoka mwisho. Upo mti wa bibi aliouzia samaki wa kukaanga mpaka akasomesha watoto wanne. Lipo kaburi la ndugu ambaye wajukuu wanasikia jina lake kwenye dua tu. Mahali kama hapa hapajaandikwa kwenye ramani yoyote ya simu. Mzee akiondoka, hakuna setilaiti itakayoweza kuwaambia watoto ilikuwa nyumba ipi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mzazi, kabla hata ya kununua bodi, ni kwenda kwa mzee na kumwomba amwonyeshe. Atembee naye polepole, asimame anaposimama, na anakili latitudo na longitudo pale mzee atakaposema "hapa". Familia nyingi zitagundua hapo kwamba hata mzazi mwenyewe alikuwa hajui.

Ndani ya sanduku kiwekwe kitu kinachohusiana na mahali. Fedha na pipi huliwa siku ileile. Picha ya zamani iliyopigwa mahali hapohapo, barua fupi ya bibi kwa mwandiko wake, ufunguo wa nyumba ya zamani, kitambulisho cha kazi cha babu, au leso ya marehemu shangazi vitakaa nyumbani miaka mingi. Kama mzee bado ana nguvu, zawadi nzuri kuliko zote ni yeye kuwa ameketi pale wanapofika, akisubiri shikamoo zao.

Tahadhari ambazo hazina mchezo

Sanduku halijui kuhusu maji. Linaweza kuonyesha kwamba zimebaki mita 600 na mita hizo zote zikawa bahari. Pwani yetu hupwa na kujaa, na wakati wa bamvua maji hurudi kwa kasi kuwazunguka watu waliotoka mbali kwenye mwamba. Mahali pa kufungukia pawe pa nchi kavu saa zote. Ikiwa njia inapita Msangamkuu, wapande kivuko kama abiria wengine, na si kuazima mtumbwi wa jirani. Msimbati na mdomo wa Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, ni kwa safari ya familia nzima yenye gari na mtu anayeyajua maeneo hayo, na sheria za hifadhi zifuatwe.

La pili ni la usalama wa umma. Mtwara inapakana na Msumbiji, na tangu mwaka 2017 jimbo la Cabo Delgado ng'ambo ya mto limekuwa na mashambulizi ya watu wenye silaha. Sanduku lililofungwa lenye waya, betri na skrini linalobebwa na watu wasiojulikana linaweza kuwatia hofu askari na raia, tena kwa haki. Kwa hiyo sanduku lisipelekwe wala kuelekezwa karibu na bandari, uwanja wa ndege, kambi za jeshi, vituo vya polisi au mitambo ya gesi ya Madimba. Lisiachwe peke yake mahali popote, hata dakika moja. Upande wa nje uandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni mchezo wa watoto, pamoja na namba ya simu ya mzazi. Skrini iwe na dirisha linaloonekana, na sehemu ya waya iwe na kioo au plastiki angavu ili anayetaka kuangalia aone. Mwenyekiti wa mtaa aelezwe mapema. Askari akiuliza, mzazi ajibu kwa heshima na atumie njia ya siri kulifungua papo hapo.

La tatu, mtoto asipewe sanduku akaenda peke yake. Mchezo huu una maana pale tu mkubwa anapokuwepo. Watoto wawili au watatu na mkubwa mmoja ni kundi zuri. Simu ya mkubwa ibaki mfukoni kwa dharura, na isifunguliwe kutafuta jibu.

Kwa asiye na uwezo wa vifaa

Si kila nyumba itamudu kununua vyote hivyo, na mchezo haupaswi kufa kwa sababu ya bodi. Sanduku la kawaida lenye kufuli la namba linatosha. Mzazi anaficha namba za kufuli katika mahali penyewe: idadi ya nguzo za baraza, idadi ya ngazi, au mwaka ulioandikwa mlangoni. Kila jioni mtoto anaruhusiwa kumuuliza mzazi swali moja, "Tumebakiza umbali gani?", na mzazi anapima kwenye ramani ya simu yake kisha anamjibu kwa namba tu. GPS ya simu hufanya kazi hata bila bando, mradi ramani ya mji ilishapakuliwa. Maduara yatachorwa vilevile, na nauli itapangwa vilevile.

Shule nazo zinaweza kununua sanduku moja likazunguka. Darasa moja linalificha kwa ajili ya darasa jingine, kila mara likibadilisha latitudo na longitudo. Klabu ya sayansi ishughulikie waya, mwalimu wa historia achague mahali, na wa jiografia asahihishe ramani.

Sanduku likishafunguka

Familia ikifika, kitufe kikabonyezwa na mota ikasikika ikigeuka, mkubwa asiwe na haraka ya kupiga picha. Awaache watoto wakitazame kilichomo, wasome barua kwa sauti, waulize. Wakae hapo hata nusu saa. Chakula kikibebwa kutoka nyumbani, safari itakuwa nafuu na mazungumzo yatakuwa marefu.

Jioni, bodi iunganishwe kwenye kompyuta, namba za zamani zifutwe, na sanduku lipewe mtoto mkubwa. Likizo ijayo ni zamu yake: yeye ndiye atachagua mahali, ataweka kitu ndani, na wazazi ndio watakaobonyeza kitufe na kutoa nauli. Wazazi wengi wanaamini wanajua watoto wao wanapenda kukaa wapi. Wakiwa wamebakiwa na nafasi tatu na duara lililojaa mistari ya penseli, watakuwa na jambo la kumuuliza mtoto, naye atakuwa na la kuwaeleza.